Gari letu la kambi linanuka na dawa hazisaidii

Mzee Fundi,

Pokea salamu zangu kutoka Nakuru. Nimekuwa nikisoma majibu yako kuhusu mabomba na matangi ya nyumbani kwa muda mrefu, lakini shida yangu haiko nyumbani. Iko ndani ya gari, na sijui fundi mwingine wa kumwendea.

Miaka miwili iliyopita mimi na mume wangu tulinunua gari la kambi lililokwisha kutumika, yaani basi dogo lenye vitanda, jiko, bafu na choo ndani yake. Tunalikodisha kwa familia zinazotaka kuzunguka kutoka Nakuru kupitia Kericho hadi Kisumu, na nyingine huendelea mpaka msitu wa Kakamega. Chini ya sakafu kuna matangi mawili ya maji taka: la choo, ambalo ni la lita 90, na la maji ya bafu na sinki, ambalo ni la lita 130. Mwaka wa kwanza hatukuwa na tatizo lolote. Mwaka huu gari limeanza kunuka, na kila mwezi linazidi.

Mnamo Agosti familia moja ililala Kisumu, karibu na ufuo wa Dunga. Walikaanga samaki jioni, wakaoga, wakalala. Saa tano za usiku mama wa familia hiyo alinipigia simu akisema kwamba watoto wametoka nje kwa sababu ya harufu, na kwamba kila mtu akioga maji ya bafu yanabubujika na kuleta harufu ya mayai yaliyooza. Niliwarudishia nusu ya pesa zao, na aibu niliyoona siku ile bado haijanitoka.

Nimejitahidi sana. Kila wiki ninamimina jiki ndani ya choo, kisha dawa ya kuulia viini yenye manukato, na wakati mwingine ile dawa kali ya kung'arisha choo. Gari likiwa nyumbani huwa tumeliunganisha kwa paipu na menholi ya septiki yetu, na vali za matangi yote mawili zinabaki wazi mchana na usiku, kama tulivyoshauriwa na aliyetuuzia. Wageni tunawaomba watumie maji kidogo sana chooni ili tangi la maji safi lisiishe njiani. Juu ya hayo, taa ya kuonyesha ujazo wa tangi la choo inasema limejaa hata tukiwa tumelimwaga dakika kumi zilizopita.

Mume wangu anasema tung'oe choo chote tukae bila. Tuna wageni waliokwisha kulipia Desemba, na tumebakiwa na wiki tano. Je, kuna dawa yenye nguvu kuliko hizi? Na wageni wakiwa safarini, maji haya wayamwage wapi bila kumkosea mtu?

Mama wa Wawili, Nakuru

JIBU

Mama wa Wawili, dada yangu, asante kwa kunieleza kila kitu bila kuficha, kwa sababu majibu yote ya shida yako yamo ndani ya barua yako mwenyewe. Msing'oe choo. Na dawa yenye nguvu zaidi usiitafute, kwa maana tangi lako halijakosa dawa, limekosa maji.

Choo cha nyumbani hutumia lita sita hadi tisa kila mtu anapovuta maji. Choo cha gari hutumia chini ya lita mbili, na wageni wako, kwa kuwa mmewaomba wabane matumizi, pengine hawafikishi hata nusu lita. Sasa weka juu ya hapo vali iliyoachwa wazi. Maji machache yanayoingia hayakai hata kidogo. Yanatiririka moja kwa moja hadi menholi, na kinyesi na tishu vinabaki pale pale chini ya tundu la choo. Vya leo vinakauka juu ya vya jana. Baada ya miezi kadhaa kunakuwa na kichuguu ndani ya tangi, kigumu upande wa nje na kibichi katikati, na hakuna paipu inayoweza kukivuta. Nimewahi kufungua tangi la aina hiyo hapa hapa Nakuru, likatoka umbo zima la koni, na alama za karatasi zikionekana moja moja kama kurasa za kitabu kilicholowa. Mwenye gari lile alikuwa akilimwaga kila Jumamosi kwa uaminifu, na alikuwa akimwaga maji matupu.

Ndiyo maana taa yako inadanganya. Vipimo vya ujazo ni vichwa vidogo vya chuma vilivyopachikwa kwenye ukuta wa tangi, na tishu na uchafu vikivigandamia, umeme unapita kana kwamba tangi limejaa. Taa si mbovu. Ukuta wa tangi ndio mchafu.

Kwa hiyo kuanzia leo, vali ya tangi la choo ifungwe, na ibaki imefungwa mpaka tangi lijae angalau theluthi mbili. Uzito wa maji mengi yanayotoka kwa mpigo mmoja ndio unaosukuma kinyesi nje. Tangi likiwa na lita kumi tu, maji yatapita katikati na kuacha kila kitu kingine nyuma. Ikitokea kwamba safari imeisha na tangi halijafika kiasi hicho, ongeza maji kwa ndoo kupitia chooni kabla ya kufungua vali. Na kila mara mnapomaliza kumwaga, mfunge vali na kumimina ndani lita kumi hadi kumi na tano za maji safi kabla ya mtu yeyote kutumia choo. Maji hayo ya kuanzia ni muhimu kuliko chupa yoyote utakayouziwa dukani. Wageni nao waambiwe wafanye kinyume cha mlichokuwa mkiwaambia: mtu akienda haja kubwa, ajaze bakuli la choo maji kwanza, na avute tena kwa muda akimaliza. Kama tangi la maji safi ni dogo, wawekeeni mtungi wa lita 20 wa maji ya akiba kwa kazi hiyo peke yake.

Kichuguu kilichopo kinaweza kuyeyushwa, na wiki tano zinatosha kabisa. Fungeni vali, mjaze tangi maji kwa ndoo hadi muone yamekaribia chini ya bakuli, lakini yasifike ndani ya bakuli. Maji ya uvuguvugu ni bora kuliko baridi, ila yasiwe ya kuchemka, kwa sababu tangi ni la plastiki na raba za vali hazipendi joto hilo. Ongezeni kikombe kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Acheni siku tatu. Katikati ya siku hizo mliendeshe gari polepole kwenye barabara ya murramu ili maji yapigepige ndani. Kumbukeni tu kwamba lita 90 ni kilo 90 zinazoning'inia chini ya sakafu, kwa hiyo msikimbie kwenye matuta. Kisha mwage na kurudia. Mara nyingi inachukua raundi tatu au nne. Mkimulika kwa tochi kupitia tundu la choo mtaona mnavyoendelea. Tochi, si kiberiti wala mshumaa, kwa sababu mvuke wa tangi hilo una methani, nayo huwaka. Mtasikia wengine wakiwashauri mtie barafu ndani ya tangi ili isugue kuta. Barafu huelea na kuyeyuka, haisugui chochote. Akibeni pesa zenu.

Sasa nizungumzie jiki, na hapa naomba unisikilize kwa makini sana. Kuchanganya jiki na ile dawa kali ya kung'arisha choo ni hatari kwa uhai wako. Dawa nyingi za aina hiyo zina asidi, na asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini. Hata mkojo wenyewe una vitu ambavyo, vikikutana na jiki, hutoa gesi zinazochoma macho na mapafu. Katika chumba cha choo cha gari, ambacho upana wake haufiki hatua mbili, hakuna mahali pa kukimbilia. Acha kabisa, kuanzia leo.

Mbali na hatari hiyo, jiki inakausha na kukakamaza raba, na inaua bakteria ambao ndio wafanyakazi wako. Harufu mbaya ya mayai yaliyooza ni gesi ya salfidi ya hidrojeni, inayotengenezwa na bakteria wanaoishi pasipo hewa katika uchafu mzito uliotulia. Bakteria wengine, wanaopenda maji na hewa kidogo, humeng'enya kinyesi na tishu bila kutoa uvundo huo. Ukimimina jiki unaua wote, na wa kwanza kurudi si wale unaowataka. Kisha jiki hiyo hiyo inaingia kwenye septiki yenu ya nyumbani, ambayo nayo huishi kwa bakteria. Vivyo hivyo, mkinunua dawa ya matangi ya magari ya kambi kutoka nje, someni kibandiko, na kama imetengenezwa kwa fomalini, kemikali nyingine inayoua bakteria, iacheni dukani. Ile poda ya bakteria wa vyoo vya shimo na septiki, ambayo maduka mengi ya pembejeo za kilimo huuza, inafaa zaidi. Itieni baada ya kichuguu kuisha na baada ya kuosha sabuni yote, pamoja na yale maji ya kuanzia.

Umeniambia pia kwamba bafu lilibubujika, na neno hilo moja lilinitosha. Maji yanapoingia kwenye tangi, hewa iliyokuwamo lazima itafute pa kutokea, na njia yake ni bomba jembamba la hewa linalopanda hadi juu ya paa. Njia hiyo ikiziba, hewa inarudi kupitia tundu la bafu, inasukuma maji, yanabubujika, na uvundo unaingia pamoja nayo. Panda ngazi uvue kofia za mabomba ya hewa yote mawili, la choo na la bafu. Katika magari yanayoegeshwa muda mrefu huku kwetu, mara nyingi mhalifu ni nyigu: hujenga viota vyake vya udongo ndani ya mdomo wa bomba, vigumu kama kigae, na kwa mtu aliyesimama chini havionekani. Vivunjeni kwa waya mnene, mmwage maji ya ndoo kutoka juu mpaka msikie yakidondoka ndani ya tangi, kisha mfunike mdomo kwa wavu wenye matundu ya kupitisha hewa lakini ya kumzuia mdudu.

Chunguzeni pia kona ya bomba chini ya bafu na chini ya sinki, ile iliyopinda ili ishikilie maji kidogo. Maji hayo ndiyo mlango unaozuia gesi ya tangi isipande ndani. Gari likikaa wiki mbili bila kutumika yanakauka, na likiteremka kutoka Kericho kuelekea Ahero, kwenye kona zile na breki zile, yanaweza kumwagika yakaacha mlango wazi. Kikombe kimoja cha maji katika kila tundu, mara gari linapofika linakokwenda, kinatosha. Chooni, mjaze maji bakuli usiku na mtazame asubuhi. Kama yamepungua, raba ya chini imechoka au ina uchafu. Ipanguseni, muipake mafuta ya silikoni, na msitumie mafuta ya kujipaka yanayotokana na petroli, kwa kuwa yanaharibu raba. Ikiwa bado inavuja, nunueni mpya. Na waambieni wageni wazime feni ya paa kabla ya kuvuta maji ya choo: feni ikinyonya hewa ya ndani wakati mlango wa tangi uko wazi, inavuta na mvuke wa tangi.

Nimeacha samaki mwishoni, ingawa nadhani usiku ule wa Dunga samaki alikuwa na makosa makubwa kuliko choo. Watu hudhani tangi la choo ndilo linalonuka, na la sinki ni la maji ya sabuni tu. Katika kazi yangu nimeona mara nyingi kuwa ni kinyume. Mafuta ya kukaangia yanashuka yakiwa moto, yanapoa ndani ya bomba, yanaganda ukutani, na magamba ya samaki, punje za wali na ukoko wa ugali vinanasa humo na kuoza. Nakuru iko mita 1,800 na ushei juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi, kwa hiyo tangi lenu likiwa nyumbani linaoza polepole. Kisumu, mita 700 hivi chini yake, joto la mchana hufika nyuzi 30, na bakteria hufanya kazi upesi zaidi. Tangi lililovumilika Jumatatu Nakuru haliwezi kuvumilika Jumatano Kisumu.

Wekeni chujio la waya kwenye sinki, na gazeti kuukuu karibu na jiko, ili kila sufuria na kikaango kipanguswe kabla ya kuguswa na maji. Gazeti hilo liende kwenye pipa la taka. Tangi hili nalo vali yake ifungwe, na linapokuwa kando ya ziwa lisikae na maji yake zaidi ya siku mbili. Kwa sasa lijazeni nusu maji ya moto ya kuogea na sabuni ya vyombo, mliendeshe kidogo, mmwage, mrudie mara mbili.

Kuhusu pa kumwaga, Kenya hatuna vituo vya barabarani vya kumwagia maji taka ya magari ya kambi kama vilivyopo Marekani, kwa hiyo lazima mpange kabla ya safari. Mnapopanga mahali pa kulala, ulizeni kama mwenye kambi au hoteli ana septiki na kama atawaruhusu kutumia menholi yake kwa malipo. Mji wa Nakuru una mitambo miwili ya kusafisha maji taka, na Kisumu pia ina mitambo yake. Zungumzeni na kampuni ya maji ya mji husika mjue taratibu za kupeleka, au mlipe gari la kunyonya maji taka lenye leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Msimwage kwenye choo cha shimo cha mtu, hata akiwaruhusu: maji mengi kwa mpigo hulifanya shimo lijae upesi na yanaweza kulegeza kuta zake. Mtaro, Mto Njoro, Mto Nyando na ziwa havimo katika orodha hata kidogo. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inakataza, na kanuni za ubora wa maji pia. Zaidi ya sheria, Ziwa Nakuru halina mto wa kutokea. Kinachoingia humo hubaki humo. Ghuba ya Winam, ile ya Ziwa Viktoria pale Kisumu, nayo inalisha gugumaji kwa uchafu wetu wenyewe. Inanifurahisha kwamba tope la vyoo linalofikishwa panapostahili hapa Nakuru limekuwa likikaushwa, kuchomwa na kuchanganywa na vumbi la mbao kuwa makaa ya kupikia. Ninayo sababu ya kukuomba uchukue njia hiyo hata ikikugharimu.

Siku ya kumwaga, anayefanya kazi avae glovu na viatu vilivyofungwa. Aanze na tangi la choo, kisha la bafu, ili maji ya sabuni yaoshe paipu. Paipu ya maji taka iwe na rangi yake na sanduku lake, na isikae kamwe pamoja na ile ya kujazia maji ya kunywa. Mdomo wa bomba la maji safi usiguswe na mkono uliovaa glovu hizo. Kipindupindu na homa ya matumbo havihitaji zaidi ya kosa moja la namna hiyo. Na mtu yeyote asiingize kichwa wala asiteremke katika menholi au septiki kuangalia kilichokwama, hata kwa dakika moja, kwa sababu ile gesi ya mayai ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa kabla haijamuua mtu.

Anzeni na raundi ya kwanza ya kuloweka jioni ya leo. Ifikapo wiki ya nne, mwegeshe gari juani saa sita mchana, madirisha yote yakiwa yamefungwa, na maji kidogo katika kila tundu, kisha mrudi saa kumi mfungue mlango. Ikiwa harufu bado ipo, niandikie tena, uniambie inatokea tundu gani na saa ngapi, nami nitakujibu kabla ya wageni wako wa Desemba hawajafika.